Shajara ya mradi: dawa, tumbo na saa ya kwanza baada ya mlo

Wiki ya 1

Tumeanza. Swali tulilokabidhiwa linaonekana jepesi: dawa inayoiga homoni ya GLP-1 inachelewesha kwa kiasi gani chakula kutoka tumboni kwa mtu mwenye afya? Kazi yangu katika kundi letu ni kuandika itifaki ya utafiti, na kutengeneza modeli ya kompyuta itakayotuonyesha tupime nini na tupime lini kabla ya mtu yeyote kuchomwa sindano. Nitaandika hapa kazi ikienda na ikikwama.

Kwanza homoni yenyewe. GLP-1 hutengenezwa na seli za utumbo na huongezeka kwenye damu mtu anapokula. Mwaka 1987 Svetlana Mojsov na Joel Habener kule Marekani, na Jens Juul Holst kule Denmark, walionyesha kwamba kipande chake kifupi huiamsha kongosho itoe insulini. Taabu ni kwamba haidumu. Kimeng'enya kiitwacho DPP-4 huikatakata, na dakika 2 hivi zikipita, nusu yake imeshapoteza nguvu. Njia ya kuigeuza iwe dawa ilitokea kwenye sumu ya Gila monster, mjusi wa jangwani. Humo John Eng alipata, mwaka 1992, eksendini-4: inakifungua kipokezi kilekile cha GLP-1, yaani kitasa cha seli ambacho homoni hukifungua, lakini DPP-4 haiiwezi. Ndiyo iliyotuletea eksenataidi, dawa iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2005. Nusu yake huisha mwilini kwa saa 2.4. Liraglutaidi ilifuata, nusu-uhai wake kama saa 13. Semaglutaidi, karibu siku 7.

Namba hizo tatu nimezibandika ukutani mbele ya meza yangu.

Wiki ya 2

Wiki nzima nimesoma tumbo tu, na sijutii hata saa moja. Wengi tunaliwaza kama gunia, chakula kinaingia juu na kutoka chini. Kumbe sehemu ya juu hulegea ili mlo ukae bila shinikizo kupanda. Sehemu ya chini husaga: mikazo kama 3 kwa dakika inakisukuma chakula kuelekea pailorasi, mlango mwembamba wa kutokea, kisha kinarudishwa nyuma na kusagwa tena, mpaka chembe zipungue hadi milimita 1 au 2. Kinywaji hakingoji kusagwa, kwa hiyo huanza kutoka papo hapo. Chakula kigumu hukaa kwanza kwa muda ambao hakuna kinachotoka, halafu hutoka kwa mwendo wa karibu sawasawa.

Na mwenye amri si tumbo. Ni utumbo mwembamba. Ukionja mafuta au sukari nyingi, unatuma habari kwamba polepole, sijamaliza. Kwa watu wenye afya nishati hupita hapo kwa kilokalori 1 hadi 4 kwa dakika, tofauti ya mara nne kati ya watu ambao wote tunawaita wazima. Hiyo 1 hadi 4 nimeipigia mstari mara mbili, maana ina uzito mkubwa tutakapofika kwenye idadi ya wajitoleaji.

GLP-1 ni mmoja wa wajumbe wanaobeba habari hiyo. Mwaka 2010 watafiti walikiziba kipokezi chake kwa watu wenye afya, na chakula kikatoka tumboni haraka zaidi. Maana yake homoni ya mwili wenyewe, kwa kiasi chake cha kawaida, ina mkono katika kazi hii. Dawa huipaza habari hiyohiyo. Sehemu ya juu ya tumbo inalegea, ya chini inatulia, mlango unakaza. Sehemu kubwa ya amri hiyo hupitia neva ya vagasi, inayounganisha ubongo na tumbo.

Kwa nini watu wenye afya? Nimeulizwa hivyo mara tatu wiki hii, kwa hiyo najibu hapa. Kwa mgonjwa wa kisukari, sukari iliyopanda kwenye damu huchelewesha tumbo hata bila dawa yoyote, na miaka mingi ya ugonjwa inaweza kuziharibu neva zenyewe. Ukimpa dawa ukaona tumbo limechelewa, hujui umlaumu nani. Kwa mtu mwenye afya unaiona dawa peke yake. Isitoshe, utafiti mmoja wa mwaka 1997 ulitoa jambo ambalo bado linanishangaza kila ninapolirudia: watu wenye afya walipopewa GLP-1 pamoja na mlo, insulini yao haikupanda, ilishuka, na ilizidi kushuka dozi ilipoongezwa. Homoni inayosifika kwa kuamsha insulini! Ni kwamba chakula kilichelewa tumboni, sukari haikufika kwenye damu, kongosho ikakosa cha kuitikia. Kwa mtu mwenye afya, kulizuia tumbo kulizidi nguvu kuamsha kongosho.

Wiki ya 3

Vipimo. Tuna vitatu mezani na kila kimoja kina mtetezi wake katika kundi.

Sintigrafia ndiyo rula ambayo vipimo vingine hulinganishwa nayo. Mtu anakula mlo wa ute wa mayai, mkate wa kuchoma, jemu na maji, jumla yapata kilokalori 255, ndani yake mna teknesiamu-99m kidogo sana, kisha kamera inahesabu mionzi inayotoka tumboni. Nusu-uhai wa teknesiamu hiyo ni saa 6, kwa hiyo siku ya pili imekwisha. Viwango vya kawaida vilitangazwa mwaka 2000 kutokana na watu 123 wenye afya katika vituo 11: baada ya saa 2 kisibaki zaidi ya asilimia 60 ya mlo, baada ya saa 4 kisizidi asilimia 10.

Kipimo cha pumzi hakina mionzi. Mlo unatiwa kaboni-13, ambayo ni kaboni tulivu na nzito kidogo, na mwishowe hutoka na pumzi kama kaboni dayoksaidi. Lakini kabla ya kufika puani imepita utumbo, ini na mapafu, na mtu akitembeatembea hesabu inaharibika. Lazima akae.

Cha tatu ni parasetamoli. Haifyonzwi tumboni kwa kiasi cha kujali. Hufyonzwa haraka ikishaingia utumbo mwembamba. Kwa hiyo kasi ya kuonekana kwenye damu inaeleza kasi ya tumbo. Ni rahisi na salama kwa dozi moja, na kampuni za dawa zimeipenda. Mwenzetu wa maabara anaitaka hii na hakuna nyingine. Mimi nina wasiwasi: inafuata kinywaji kuliko chakula kigumu, na inategemea sana jinsi unavyoihesabu. Nimeahidi kuuthibitisha wasiwasi wangu kwa modeli, siyo kwa maneno.

Wiki ya 4

Modeli inasimama. Kwa chakula kigumu nimetumia mlinganyo uliopendekezwa mwaka 1982, wenye namba mbili tu: muda wa nusu ya mlo kutoka, na namba ya umbo inayoeleza kile kingojeo cha mwanzo. Umbo nimeliweka 2.

Bila dawa, nusu ya mlo itoke kwa dakika 90. Modeli inasema baada ya saa 1 imebaki asilimia 73, saa 2 asilimia 29, saa 4 chini ya asilimia 1. Pamoja na dawa nimeisogeza nusu hiyo hadi dakika 150: saa 1 asilimia 90, saa 2 asilimia 64, saa 4 asilimia 17. Mlo huo wenye dawa unavuka mipaka yote miwili ya kawaida. Hizi si namba za watu, ni za kubuni ili kuona mkunjo unavyokaa, na nimeliandika hilo kwa wino mwekundu juu ya kila grafu ili asije mtu akazinukuu.

Wiki ya 5

Wiki hii ndiyo iliyonifundisha zaidi, na imeanza kwa kosa langu.

Nilitengeneza modeli ya parasetamoli. Kinywaji kinatoka tumboni, dawa inaingia damuni papo hapo, mwili unaiondoa kwa nusu-uhai wa saa 2.5. Nikalinganisha tumbo la kawaida, nusu ya kinywaji kwa dakika 20, na tumbo lililocheleweshwa mara mbili, dakika 40. Nikahesabu eneo chini ya mkunjo wa damu, yaani jumla ya parasetamoli iliyoonekana damuni, kwa saa 5, kama itifaki nyingi zinavyofanya. Tofauti ikatoka asilimia 7. Nikaandika kwenye daftari: "Modeli haioni athari, tafuta hitilafu." Siku mbili nimeipekua programu mstari kwa mstari.

Hitilafu haikuwepo. Mwenzangu wa takwimu alikaa pembeni yangu, akatazama grafu kidogo, akaniuliza, "Hiyo parasetamoli itaenda wapi?" Ikabidi nicheke, kwa furaha ya kuelewa. Haiendi popote. Tumbo likichelewa, dawa yote bado itaingia, ila baadaye. Ukisubiri muda mrefu vya kutosha, maeneo mawili yanakuwa sawasawa kabisa. Ukipima saa 5 umeshasubiri karibu vya kutosha kuificha habari uliyoitafuta.

Tukahesabu upya kwa saa ya kwanza peke yake. Tofauti: asilimia 34. Kilele cha parasetamoli kwenye damu kimehama kutoka dakika ya 67 hadi dakika ya 104. Tumbo ni lilelile, dawa ni ileile, ucheleweshaji ni mara mbili kamili, na jibu ni 7 au 34 kulingana na pale ulipokata mstari.

Hili si la kompyuta tu. Utafiti wa semaglutaidi uliotumia parasetamoli, kwa watu wanene wasio na kisukari, ulitoa sura hiyohiyo: kwa saa 5 hapakuwa na tofauti ya maana, kwa saa ya kwanza eneo lilikuwa dogo kwa asilimia 27. Nimewahi kuona sentensi ya kwanza ikinukuliwa bila ya pili, na msomaji akaondoka akiamini kwamba tumbo halikuguswa. Wanaokwenda kwenye chumba cha upasuaji, ambako chakula kilichobaki tumboni ni hatari, wanategemea sentensi zote mbili zisomwe.

Uamuzi: parasetamoli inabaki kama kipimo cha pembeni, na saa ya kwanza inaandikwa kwenye itifaki kuwa ndiyo kipimo chake kikuu, kabla hatujaona tone la damu. Kipimo kikuu cha mradi ni sintigrafia.

Wiki ya 6

Siku ya mazoezi, bila dawa na bila mionzi. Sisi wenyewe ndio tuliokula. Mlo unapaswa kuisha ndani ya dakika 10. Mmoja wetu alitumia 18 kwa kuwa alikuwa akiongea, na kila saa ya kamera ikawa imekosewa kuanzia hapo. Tumekubaliana: saa inaanza mlo ukiisha, muda wa kula unaandikwa, na hakuna mazungumzo mezani.

Jambo la pili ni la muuguzi wetu, na ni la maana kuliko langu. Ratiba yangu ilitaka damu na picha kwa dakika ileile. Akaniambia, "Mwalimu, mkono mmoja siwezi kuuweka sehemu mbili." Damu sasa inatangulia kwa dakika 5. Damu nimeipanga kila dakika 10 katika saa ya kwanza, kisha kila nusu saa. Rasimu ya kwanza ilikuwa na kila saa moja, ratiba ambayo isingekiona kilele cha dakika ya 67 wala tofauti yake na cha 104.

Nimeongeza pia masharti ya wajitoleaji. Wasiovuta sigara, maana sigara huchelewesha tumbo. Wanawake wapimwe kipindi kilekile cha mzunguko wa hedhi kila wanapokuja. Mwenye ugonjwa wa ini haingii, kwa sababu ya parasetamoli.

Wiki ya 7

Nilikuwa najua jambo hili kwa juujuu. Sasa limebadilisha mradi.

Mwaka 2011 ulichapishwa utafiti wa wanaume 9 wenye afya. Walitiwa GLP-1 kwa mshipa kwa saa 8.5 bila kukatizwa, na katika muda huo walipewa milo miwili ya kunywa iliyoachana kwa saa 4. Homoni ilikuwa inaingia kwa kasi ileile asubuhi na mchana. Mlo wa kwanza ulicheleweshwa sana. Wa pili ulicheleweshwa kidogo zaidi tu kuliko siku isiyo na homoni. Tena polipeptidi ya kongosho, inayoonyesha kazi ya neva ya vagasi, ilishuka kwenye mlo wa kwanza, na kwenye wa pili haikushuka. Kwa maneno mengine neva iliizoea amri ndani ya saa chache. Wataalamu huita hali hiyo takifilaksia, mwili kuzoea dawa kwa haraka.

Miaka 3 baadaye kundi jingine lililinganisha homoni inayotiwa mfululizo na ile inayotiwa kwa vipindi, tena kwa watu wenye afya. Ya vipindi ililizuia tumbo zaidi. Nikageuka nikatazama ukutani: saa 2.4, saa 13, siku 7. Dawa ya saa 2.4 inachomwa kabla ya mlo, inapanda, inashuka, kipokezi kinapumzika. Dawa ya siku 7 haishuki kamwe, kwa hiyo neva haipati nafasi ya kusahau. Jamii moja ya dawa, tabia mbili tofauti kwa tumbo.

Modeli yangu ilikuwa imechukulia kwamba athari haibadiliki. Nimeiandika upya: ucheleweshaji wa dakika 60 unapungua kwa nusu baada ya saa 4. Mlo wa kwanza unabaki kama nilivyoandika wiki ya 4, asilimia 64 na 17. Mlo wa pili, nusu yake ikitoka kwa dakika 120, unaacha asilimia 50 saa ya 2 na asilimia 6 saa ya 4. Mipaka ni 60 na 10. Mtu yuleyule siku ileile ana tumbo "lililochelewa" asubuhi na tumbo "la kawaida" mchana.

Sasa rudi kwenye swali la wiki ya 1: "inachelewesha kwa kiasi gani". Halina jibu moja. Nimewaandikia wenzangu usiku huohuo.

Wiki ya 8

Mjadala umekuwa mkali, na nashukuru kwamba ulikuwa mkali. Upande mmoja unasema dozi moja kwa mtu mwenye afya ni utafiti safi, nafuu, unaoisha mapema, na hatari yake kwa mjitoleaji ni ndogo. Yote kweli. Hoja yangu ni kwamba utajibu kuhusu siku ya kwanza, na wasomaji watausoma kama jibu la mwezi wa sita wa kutumia dawa.

Kinyume chake nacho kinadanganya. Kuzoea si kupona. Liraglutaidi ilipopimwa kwa watu wanene katika utafiti wa mwaka 2017, ucheleweshaji wa wiki ya 5 ulikuwa kama dakika 70, na wa wiki ya 16 kama dakika 30. Umepungua, haujaisha. Dakika 30 si bure kwa mtu anayelazwa kupewa nusukaputi akiwa na chakula tumboni, maana kikipanda kooni kinaweza kuingia mapafuni. Mwezi Juni 2023 madaktari wa nusukaputi wa Marekani, kupitia chama chao, walishauri dawa ya kila wiki isitishwe wiki moja kabla ya upasuaji wa kupangwa, na ya kila siku isichomwe siku hiyo. Oktoba 2024, wakiwa na vyama vingine, walieleza kwamba wengi wanaweza kuendelea nayo, na kila mtu apimwe kwa hali yake: yupo kwenye kipindi cha kupandisha dozi? Ana kichefuchefu, anatapika? Hicho kipindi cha kupandisha dozi ndicho kilichoninyamazisha kwa muda, kwa kuwa kinalingana na ile milo miwili ya 2011. Kila dozi mpya inaweza kuwa ni asubuhi nyingine kwa neva.

Tumekubaliana kupima mara mbili: baada ya dozi ya kwanza na baada ya wiki 4, kwa watu walewale.

Wiki ya 9

Dawa gani, na watu wangapi.

Semaglutaidi imeondoka kwa hesabu ya kidole. Kila mtu anapaswa kupitia pande zote mbili, ya dawa na ya plasebo (dawa bandia), na katikati dawa iishe mwilini. Nusu-uhai 5 huacha kama asilimia 3. Kwa semaglutaidi hizo ni wiki 5 za kungoja tu. Kwa liraglutaidi ni saa 65, chini ya siku 3. Tunachukua liraglutaidi, na tutabaki na dozi moja ya miligramu 0.6 mwezi mzima. Kawaida hupandishwa kila wiki, lakini tukiipandisha tutakuwa na nguvu mbili zinazovutana, dozi inaongeza na kuzoea kunapunguza, na hatutajua ipi imeshinda.

Idadi: tukichukulia kwamba tofauti ya mtu na nafsi yake hutawanyika kwa dakika 30, kuona ucheleweshaji wa dakika 20 kunahitaji watu 18. Ukipungua hadi dakika 10, wanahitajika 71. Athari nusu, watu mara nne. Hapa ndipo kilokalori 1 hadi 4 zinapouma: kama tusingempima mtu dhidi ya nafsi yake, mtawanyiko ungekuwa mkubwa zaidi na idadi isingewezekana kabisa.

Hatuna uwezo wa watu 71. Tumeandika 36, ambao kwa mtawanyiko huo wanatosha kuona dakika 14, na tumeeleza wazi kwenye itifaki kwamba chini ya hapo tutanyamaza. Hatutasema "hakuna athari".

Wiki ya 11

Wiki ya 10 ilikuwa fomu za ridhaa. Sentensi moja imeandikwa mara sita: ile inayomwambia mjitoleaji kwamba anaweza kupata kichefuchefu, na kwamba yeye mwenyewe hatafaidika kiafya kwa kushiriki. Tumeiweka ukurasa wa kwanza.

Leo itifaki imekwenda kwenye kamati ya maadili. Kabla ya kuituma nimebadilisha kichwa chake. Kilikuwa kinauliza dawa inachelewesha tumbo kwa kiasi gani. Sasa kinauliza inachelewesha kwa kiasi gani siku ya kwanza, na kiasi gani kinabaki siku ya 28. Modeli imehifadhiwa jinsi ilivyo, utabiri wake wa siku zote mbili umefungwa pamoja na itifaki, na hakuna atakayeugusa mpaka picha ya mwisho ya mtu wa mwisho iwe imehesabiwa.